Chupa ya Chai ya Anko Wanjohi

Haika alianza kumshuku mama yake siku ya Jumanne, saa moja na dakika kumi jioni. Kabla ya hapo alikuwa akimpenda tu, kama watoto wengine wanavyowapenda mama zao, bila uchunguzi wowote.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Mama Placida, muuguzi wa nyumba ya wazee pale Edmonton, mwanamke ambaye katika miaka tisa ya kuishi London aliiona Tower Bridge mara moja tu, tena kwa sababu alipitiwa na usingizi ndani ya basi, aliweka simu mezani na kusema kwa sauti iliyokuwa ya kawaida kupita kiasi:

"Jumamosi tunakwenda matembezi. Ni safari ya siku moja, ina mwongozaji. Tutaanzia mji wa kale wa Canterbury, halafu mashamba ya zabibu, halafu mji mwingine wa kale unaitwa Rye. Kule kwenye zabibu wanaonjesha mvinyo."

Haika aliweka uma chini. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Umefukuzwa kazi?"

"Kula chakula, Haika."

Haika alikula, lakini alikula kama askari anavyokula akiwa lindoni. Alikuwa na miaka kumi na sita na alikuwa nyumbani kwa likizo fupi ya Oktoba kutoka shule ya bweni aliyosoma kwa ufadhili. Huko shuleni alikuwa mtu wa kuheshimika katika fani yake. Muhula uliopita alibandika tangazo kwenye ukumbi wa chakula, lenye nembo na saini, likisema kwamba supu ya Alhamisi itanywewa kwa kusimama, kwa kumkumbuka mwanzilishi wa shule. Watu mia tatu walisimama na mabakuli yao. Mwalimu mkuu naye alisimama, akainamisha kichwa. Mtu aliyewahi kupanga jambo la kiwango hicho anaitambua kazi ya mpangaji mwenzake, na ile sauti ya mama yake ilikuwa imepangwa.

Dalili nyingine zilijileta zenyewe. Siku ya Jumatano mama alisuka nywele, na haikuwa Pasaka. Alhamisi alizungumza kwenye simu jikoni huku bomba likimwaga maji, na hakuna aliyekuwa akiosha chombo. Ijumaa ndiyo ilimkata Haika maini. Mama alisimama kwenye mlango wa chumba cha binti yake, akalitazama kabati kwa muda, akasema, "Hivi vitu vyako itabidi tuvitoe humu. Tutaongea."

Tangu baba yake afariki miaka mitatu nyuma, kile chumba na ile sebule yenye kochi moja ndivyo Haika alivyohesabia siku akiwa bwenini. Alipokuwa nyumbani, mama alirudi kutoka zamu, wakala ugali juu ya kochi wakiwa chini ya blanketi moja, wakabishana kuhusu tamthilia mpaka mmoja wao alale. Hapakuwa na zaidi ya hapo, na Haika hakuhitaji zaidi ya hapo. Sasa kulikuwa na mtu. Hakujua ni nani, lakini ukiona vyaelea jua vimeundwa. Kulikuwa na mtu, na mtu huyo angehitaji kabati.

*

Basi lilikuwa dogo, la watu kumi na sita, nalo liliwasubiri karibu na stesheni saa moja na nusu asubuhi. Mwongozaji alikuwa Mzee Sadrudin wa Queensbury, mzaliwa wa Upanga, Dar es Salaam, mwenye kofia ya sufu na kipaza sauti ambacho hakukihitaji. Tangu astaafu alikuwa akiwatembeza watu wa Afrika Mashariki kwenye mashamba na magofu ya Waingereza, akiwaeleza kila kitu kwa Kiswahili cha watu waliosoma na baba zao.

"Karibu, Placida, karibu," alisema, akatazama orodha yake. "Na huyu ndiye mwenyewe?"

"Ndiye huyu," alisema mama haraka.

Haika aliliokota lile neno na kuliweka akiba. Mwenyewe wa nini?

Upande wa pili wa njia, kwenye kiti kilichokabiliana na chao, alikuwa amekaa mwanaume mrefu mwenye koti la kijivu lililopigwa pasi hadi kwenye mifuko. Pembeni yake alikaa mwanamke mtu mzima, mnene, mwenye kilemba cha zambarau. Mwanaume alipakata mfuko mkubwa wa turubai kama mtu anayepakata mtoto wa watu.

"Ala," alisema mama Placida. "Kumbe na ninyi ni wa Edmonton?"

"Hata sisi tumeshangaa kukuona," alijibu yule mwanaume.

Katika mchezo wa shule, Haika aliwaza, hawa wawili wangepewa nafasi ya kushika pazia. Aliinuka kidogo, akatoa heshima yote aliyofundishwa na bibi yake kijijini Kibosho.

"Shikamoo."

"Poa sana," alisema yule mwanaume.

Yule mwanamke alimpiga kiwiko. "Sema marahaba. Si tulifanya mazoezi?"

"Marahaba," alisema yule mwanaume, akionekana kuteseka. "Marahaba, mama."

Haika alikaa taratibu. Mtu anayeitikia shikamoo kwa poa anaweza kusamehewa, kwa kuwa lafudhi yake ilikuwa ya Wakenya wa bara, nao wana shida zao. Lakini mtu anayefanya mazoezi ya kuitikia salamu ya binti asiyemjua, huyo hakuja kuona magofu.

Majina yalijulikana kabla basi halijatoka London. Mwanaume alikuwa Wanjohi, mtu wa Nyeri, dereva wa treni. Mwanamke alikuwa dada yake mkubwa, Mumbi. Mama alisema Haika awaite Anko na Anti. Kwa saa mbili njiani Anko Wanjohi hakuuweka ule mfuko chini. Basi lilipokata kona, kitu ndani yake kiligongana na kingine, na yeye aliushika kwa mikono miwili na kuomba radhi, ingawa hakuna aliyemlaumu.

"Mzigo mzito, Anko?" Haika aliuliza.

"Si mzito. Ni chai."

"Chai yote hiyo?"

"Huwa nakunywa," alisema Wanjohi, akatazama nje ya dirisha, ambako hapakuwa na kitu isipokuwa lori.

*

Canterbury ni mji ambao kuta zake zimesimama tangu enzi za mahujaji na wafalme wenye panga, na Mzee Sadrudin aliueleza kwa ufasaha mkubwa. Haika hakusikia hata theluthi. Macho yake yalikuwa kazini. Aliona kwamba kwenye vile vichochoro vyembamba Wanjohi alitembea upande wa barabarani kila mara, na mama upande wa ukuta, na kwamba hawakuongea, na kwamba kutoongea kwao kulikuwa kwa watu waliokwisha kuongea sana. Chini ya lango la kale la mjini mama aliomba kupigwa picha. Wanjohi alipiga picha nne. Zote nne zilimwonyesha mama, na mojawapo ilionyesha pia sikio la Haika.

Saa nne na nusu waliingia mkahawani kwa ajili ya chipsi. Haika alikwenda kuchukua uma na tishu kwenye meza ya pembeni, nyuma ya nguzo, na hapo ndipo alipomsikia Anti Mumbi akimwambia ndugu yake kwa sauti ya chini.

"Usitoe hapa. Tulisema ni kule kwa zabibu, baada ya chakula."

"Na akikataa?"

"Akikataa, tutabeba tulichokuja nacho na turudi na heshima yetu. Wewe fanya vile nilikuambia."

Haika alisimama nyuma ya nguzo na tishu zake. Sasa alijua saa na mahali. Hakujua ni nini kilichokuwa ndani ya mfuko, ila alijua wanachokwenda kufanya. Mbele yake, ndani ya kikapu, palikuwa na vipakiti vidogo vya siki na chumvi, vya bure kwa wateja wote. Silaha za watu wanyonge siku zote zimekuwa za kuokota. Aliokota vipakiti vinane vya siki na vinne vya chumvi, akavitia mfukoni, akarudi mezani na uso wa mtu anayetafakari historia.

*

Shamba la zabibu lilikuwa kwenye mteremko, mistari na mistari ya mizabibu iliyokwisha kuvunwa, majani yake yakiwa na rangi ya kutu. Waliingizwa kwenye ghala la mbao lenye meza ndefu na glasi nyingi kuliko watu. Mlangoni palikuwa na ndoano, na kijana wa shamba aliomba mizigo yote iachwe hapo, kwa usalama wa glasi. Wanjohi alisita. Mumbi alimtazama. Akautundika mfuko wake kwenye ndoano ya mwisho, akaugeuza mara mbili, kisha akaingia ndani akiangalia nyuma.

Bibi wa shamba, Mwingereza mchangamfu mwenye mashavu mekundu, alimimina mvinyo mweupe na Mzee Sadrudin akatafsiri. Mvinyo unazungushwa kwanza. Halafu unanuswa. Halafu unaingizwa mdomoni, unasukutuliwa, na ukipenda unatemwa kwenye ile ndoo. Ili kuwaonyesha, yule bibi alisukutua na kutema.

Mama Placida aliweka glasi yake mezani. "Mbona ametema?"

"Ndiyo kazi yao, Placida," alisema Mzee Sadrudin. "Akimeza kila glasi atafika saa tisa amelala chini ya meza."

"Kwetu anayemimina anaonja kwanza, mgeni aone haina kitu. Na anameza. Mtu akitema pombe yake mwenyewe mbele yangu, basi kuna jambo analijua."

"Ni kweli," alisema Wanjohi. Naye aliweka glasi yake chini, ingawa alikuwa ameiinua kwa hamu. Haika aliliona na hilo.

"Mama, nakwenda msalani," alisema.

Hakwenda msalani. Alikwenda kwenye ndoano ya mwisho. Ndani ya mfuko, juu kabisa, palikuwa na kitenge kilichokunjwa. Chini yake palikuwa na kata, kibuyu cha kunywea, kipya, kikiwa bado na alama ya bei. Na chini ya kata ilikaa chupa ya chai ya lita moja na nusu. Haika alifungua kifuniko. Chupa ilipumua. Harufu iliyotoka ilimrudisha mara moja kwenye uwanja wa bibi yake, kwenye mapipa na moshi, kwenye Jumamosi za harusi za watu, kwa sababu bibi ndiye aliyemlea mpaka akamaliza darasa la sita, na bibi ndiye aliyepikia pombe kijiji kizima.

Ilikuwa mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya kwao Kibosho.

Haika alibaki na kifuniko mkononi. Mtu wa Nyeri hawezi kupatikana na mbege kwa bahati mbaya. Mvinyo ungekuwa zawadi. Pete ingekuwa mbwembwe. Mbege kwenye kata, inayoletwa na mwanaume akiwa na dada yake mkubwa, ilikuwa posa, na bibi alikuwa na maneno ya jambo hilo: pombe ya mposaji ikishapita kooni, neno limepita nayo. Mama angepewa kata. Mama angekunywa, kwa kuwa mama hana tabia ya kukataa alichopikiwa. Na Haika angerudi Krismasi na begi lake kama mgeni, akaonyeshwa pa kuweka viatu.

Ila mbege iliyoharibika hainyweki. Nayo ikitolewa mbele ya watu ni tusi, na tusi huvunja posa yoyote. Mantiki ilikuwa safi. Alirarua vipakiti kimoja kimoja kwa meno, akamimina, akatikisa chupa kama muuza dawa, akarudisha kila kitu kilivyokuwa, hata mkunjo wa kitenge. Vipakiti vitupu alivitia mfukoni, kwa maana fundi hodari haachi taka. Kisha aliingia ndani kujifunza kuhusu mvinyo mwekundu.

*

Baada ya chakula wengine walikwenda kutazama mitambo ya kukamulia. Mzee Sadrudin aliwaongoza watu wanne kwenye meza ya mbao iliyokuwa peke yake mwishoni mwa mistari ya mizabibu, palipokuwa na jua dogo.

"Nimeongea na wenyewe," alisema. "Hakuna atakayetusumbua nusu saa."

Kwa hiyo na mzee wa watu alikuwemo. Haika hakushangaa. Kwa wakati huo angeambiwa kwamba hata dereva wa basi ni shemeji yao angekubali. Alichagua kukaa pembeni, mahali pa kuona vizuri uso wa mama pombe itakapofika mdomoni.

Anti Mumbi alisimama, akafunga vifungo vya koti lake mpaka cha juu.

"Sisi ni watu wa Nyeri," alisema. "Mila yenu hatuijui vizuri, kwa hivyo tumeuliza. Tumeambiwa kwenu huwezi kumpelekea mwanamke pombe mkononi kama unampelekea soda. Lazima ipitie kwa mwenye nyumba. Tumekuja kwa mwenye nyumba."

Aligeuka. Wanjohi naye akageuka. Haika alitazama nyuma yake kuona huyo mwenye nyumba amefika saa ngapi. Nyuma yake palikuwa na mzabibu.

"Ni wewe, Haika," alisema mama.

"Mimi nini?"

"Nilimpigia baba yako mdogo Samson. Wakakaa kikao Kibosho, wazee wote. Wakasema nyumba ya marehemu ina mtoto, na mtoto ana akili zake, aulizwe yeye. Akisema ndiyo, na wao wamesema ndiyo. Akisema hapana, hawana neno la kuongeza."

Haika alitazama tena nyuma yake, kwenye mzabibu.

"Sasa kwa nini hukuniambia nyumbani?"

"Nyumbani una mlango," alisema mama. "Ukisikia neno usilolipenda unaingia chumbani, unafunga, natoka zamu asubuhi nakuta umeshapanda treni ya shule. Basi halina mlango wa kujifungia."

Hilo lilikuwa kweli, na halikuwa la kujadiliwa mbele ya wageni. Haika alinyoosha mgongo. Ikiwa ni mwenye nyumba, basi angekuwa mwenye nyumba kamili.

"Kabla ya yote," alisema, kwa sauti ile ile iliyowahi kusimamisha watu mia tatu, "chumba changu anapewa nani?"

"Chumba kipi?"

"Ulisema vitu vyangu vitolewe kabatini."

"Haika, ule ukuta una ukungu. Fundi anakuja Jumatatu kupaka dawa."

Haika aliamini nusu, akaiacha nusu nyingine kwa uchunguzi zaidi. "Na huyu atakaa wapi?"

"Mimi niko na nyumba yangu, mitaa miwili kutoka kwenu," alisema Wanjohi. "Hayo mambo ya nani atahamia wapi, hatujafika huko. Leo nimekuja tu kuuliza kama ninaweza kuuliza."

Alitandika kitenge mezani. Akaweka kata juu yake, akatoa chupa, akafungua. Mama Placida alikuwa ametulia mpaka hapo. Harufu ilipomfikia, alishika ukingo wa meza.

"Hiyo ni mbege."

"Ni mbege."

"Uliniambia utanunua mvinyo hapa hapa."

"Nilikuambia hivyo ndiyo usinicheke ikinishinda." Wanjohi aliimimina polepole. "Ndizi nilipata. Ulezi Mzee Sadru alinitafutia Southall. Ile gome ya mti ndiyo ilikosekana."

"Msesewe," alisema mama, kwa sauti ndogo.

"Hiyo. Ya kwanza ilikataa kuchachuka. Ya pili ilipasua chupa, nikasafisha jikoni siku mbili. Hii ni ya tatu. Jana niliionja, ikawa nzuri, nikaita dada yangu aonje asije akasema najidanganya."

"Ilikuwa nzuri," alikiri Mumbi.

Haika aliitazama ile kata. Vipakiti mfukoni mwake vilikwaruza alipojisogeza, na ilionekana kwake kwamba sauti ile ilisikika hadi ghalani.

"Anayemimina anaonja kwanza," alisema Wanjohi. "Nimejifunza."

Akanywa. Hakunywa kidogo, alipiga funda la mtu mwenye kujiamini. Uso wake ulisimama. Macho yalijaa maji, shingo ikafanya kazi kubwa, lakini hakutema. Alimeza. Akaishusha kata juu ya kitenge kwa uangalifu, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akainua macho, na kabla hayajafika kwa mtu mwingine yeyote yalipita kwa Haika, mara moja tu, kama treni inayopita stesheni bila kusimama.

"Hii siwezi kukupa," alimwambia mama. "Imekufa."

"Imekufaje?" aliuliza Mumbi. "Jana si—"

"Nimekosea mimi. Labda chupa haikuwa safi." Alianza kufunga kifuniko. "Mama Haika, nisamehe. Huwezi kumpa mtu pombe kama hii na uite heshima. Wacha iwe siku nyingine, kama siku nyingine itakuwepo."

"Hakuna neno," alisema mama.

Alikichukua kitenge, akaanza kukikunja. Alikikunja pembe kwa pembe, bila haraka, akilainisha kila mkunjo kwa kiganja. Haika aliwahi kumwona akikunja hivyo mara moja, siku mama alipomchukua kwenda naye kazini, na ilikuwa shuka ya bibi mmoja aliyefariki alfajiri ya siku hiyo.

Ushindi ulikuwa kamili. Hakuna aliyetakiwa kukataa chochote, hakuna aliyegombana, na mwenye nyumba alikuwa na mikono safi. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na baada ya saa nne wangekuwa nyumbani, wawili, juu ya kochi. Haika alijaribu kuliona lile kochi. Aliliona. Aliona na mama upande wa pili wa blanketi, akitazama tamthilia na uso huu huu.

Alitia mkono mfukoni, akavitoa vipakiti, akavipanga mezani. Mzee Sadrudin aligundua kwamba mizabibu inahitaji kutazamwa.

"Vinane vya siki," alisema Haika. "Vinne vya chumvi."

"Haika," alisema mama. Lile jina lilitosha kujaza shamba.

Anti Mumbi alisogea, akavihesabu kwa kidole, kama anayetafuta cha kumi na tatu. Wanjohi aliokota kimoja, akakisoma mbele na nyuma.

"Chumvi nilijua," alisema. "Siki nilidhani ni yangu."

"Ulijua, ukanyamaza?" aliuliza Haika.

"Sasa ningesema nini? Nimekuja kuomba kwa mzee, nianze kwa kumshtaki huyo mzee?"

Katika kazi zake zote hakuna aliyewahi kumkamata na kumficha kwa wakati mmoja. Jambo hilo lilitia shaka kubwa. Mtu anayeweza kumeza vile bila kukunja uso anaweza kuficha mengine mengi, na mtu wa aina hiyo haachwi azunguke mitaa miwili kutoka kwenu bila kuangaliwa kwa karibu.

"Mama, kwetu mwenye nyumba akiharibu pombe ya wageni, inakuwaje?"

Mama Placida alikuwa bado ameshika kitenge. Sauti yake ilikuwa na ukali wa kweli. "Anaomba radhi. Halafu anapika nyingine, kwa mikono yake."

"Samahani, Anko Wanjohi. Samahani, Anti." Haika alivisukuma vipakiti pembeni. "Itapikwa Krismasi, jikoni kwetu. Nitapika mimi na Anko atakoroga. Ulezi unaoteshwa kwanza, hauchukuliwi unga wa dukani. Ya kwanza ilikataa kwa sababu hiyo. Na bibi tutamwomba atume msesewe."

"Na jibu?" aliuliza Mumbi.

"Jibu litasubiri pombe. Sijasema ndiyo."

"Hujasema hapana."

"Sijasema hapana," alikubali Haika. "Na kifuniko cha chupa nitakaa nacho mimi."

"Hapo umesema," alisema Wanjohi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kama mtu ambaye angeweza kucheka, ingawa bado alikuwa akitafuta maji.

*

Rye walifika saa tisa na nusu. Ndani ya basi mama hakuongea na Haika hata neno moja, ila alimpa nusu ya sandwichi yake, na Haika aliijua lugha hiyo: adhabu ipo, njaa haipo. Mzee Sadrudin aliwateremsha kwenye mtaa wa mawe ya mviringo, mwinuko mkali, nyumba zake zikiwa zimeegemeana kama wazee waliotoka kilabuni, akasema mawe yale yana mamia ya miaka na kwamba yana utelezi.

Mvua ndogo ilikuwa imeanza. Mama alitangulia kushuka, akaweka mguu kwenye jiwe, mguu ukaenda ulikotaka wenyewe. Akajishika kwenye ukuta. Wanjohi alikuwa karibu naye kabisa. Mkono wake uliinuka, ukasimama hewani, na badala ya kumtazama mama aligeuza kichwa akamtazama Haika.

Haika alilipima suala hilo. Aliangalia mteremko, akaangalia mawe, akaangalia magoti ya mama yake ambayo Jumatatu yalikuwa na zamu ya saa kumi na mbili mfululizo.

"Mshike," alisema. "Ataanguka."

Wanjohi alimshika kiwiko. Haika alitembea nyuma yao mpaka mwisho wa mtaa, mvua ikimpiga usoni, akihakikisha kwamba ni kiwiko tu.